Gitaa letu tunaloliita Mbayuwayu



Tangu Dominika ya Mchungaji Mwema, siku ambayo Kanisa linaombea miito, wengi mliofika seminarini kwetu mmekuwa na swali moja. Hamkuuliza kuhusu masomo ya falsafa wala kuhusu chakula cha mafrateri. Mmeuliza: lile gitaa lenye umbo la mshale mmelitoa wapi, na kwa nini mlichagua la namna ile? Mhariri wa jarida hili amechoka kutujibia, akatuagiza tuandike wenyewe. Sisi ni wanakikundi cha muziki cha seminari. Wakati gitaa linanunuliwa tulikuwa sita. Leo tuko watano wa zamani na mmoja mpya. Tunaandika kwa pamoja kwa sababu gitaa lenyewe ni la pamoja, na pia kwa sababu kila aliyeombwa kuandika peke yake alisema ana mtihani.

Kwa ambao hamjaliona: ni gitaa la umeme la nyuzi sita, rangi ya maziwa, na shingo yake ni kama ya gitaa lolote. Tofauti iko kwenye mwili. Badala ya kuwa na kiuno na nyonga kama magitaa tuliyoyazoea, mwili wake umegawanyika kuanzia shingoni ukawa mabawa mawili yaliyonyooka, mfano wa herufi V iliyolazwa. Watoto wa Utoto Mtakatifu walipoliona mara ya kwanza mmoja wao alisema lina mkia wa mbayuwayu, na jina likakaa. Majina mengine yaliyopendekezwa na mafrateri wa mwaka wa tatu hatuyaandiki hapa.

Sasa sababu. Mwenzetu aliyekuwa mpiga solo ni mtu wa shoto. Si kwamba anapendelea mkono wa kushoto kwa mazoea. Ni shoto kabisa, wa kuandika, wa kulima na wa kurusha mpira wa wavu. Alitusimulia kwamba alipoanza darasa la kwanza mwalimu alimfunga mkono ule kwa kitambaa ili ajifunze kuandika kwa wa kulia, na nyumbani bibi yake alimgonga vidole kila aliponyoosha mkono wa kushoto kupokea kitu. Hakusimulia kwa uchungu. Hata hivyo tulimwona kwenye mazoezi ya liturujia jinsi alivyokuwa akirudia peke yake, baada ya sisi kuondoka, kubeba chetezo na kufukiza kwa mkono wa kulia, mpaka mnyororo ulipotulia. Kupokea, kusalimia, kubariki, vyote ni vya mkono wa kulia, naye alivijifunza vyote kama mtu anayejifunza lugha ya pili. Anayetaka kumtania akumbuke kitabu cha Waamuzi: Ehudi aliyewakomboa Waisraeli alikuwa mtu wa shoto, na katika kabila lake la Benyamini walikuwapo watu 700 wa shoto waliorusha mawe kwa kombeo bila kukosa shabaha hata ya unywele. Mwalimu wetu wa Maandiko anapenda kuongeza kwamba jina Benyamini lenyewe maana yake ni mwana wa mkono wa kuume.

Kitu pekee ambacho mwenzetu alikifanya kwa mkono wake mwenyewe bila kuulizwa ni gitaa. Alijifunza kijijini kwa gitaa la mjomba wake, ambalo hakuruhusiwa kubadilisha nyuzi zake. Kwa hiyo aliligeuza tu, juu chini, nyuzi nyembamba zikawa juu na nene zikawa chini, akajifunza akodi zote kinyumenyume. Alipofika seminarini alikuta gitaa la umeme la zamani lililoachwa na padre mmoja mmisionari. Gitaa lile lina ukato upande mmoja tu, ule wa chini, ili vidole vya mpigaji vifikie freti za mwisho. Ukiligeuza, ukato unakwenda juu usikohitajika na mkono unagonga ubao. Wale mnaoupenda muziki wa dansi mnajua kwamba solo bila freti za juu ni kama ndege aliyekatwa mabawa. Fikirini nyimbo za marehemu Mbaraka Mwinshehe zikipigwa nusu ya shingo. Juu ya hayo, swichi za sauti zilihamia chini ya kiwiko chake, kwa hiyo katikati ya wimbo sauti ilishuka yenyewe na mpiga bezi akabaki analia peke yake.

Magitaa ya watu wa shoto yapo duniani. Hapa kwetu tuliuliza maduka ya mjini, tukawatuma mafrateri walioenda likizo waulize Arusha, Mwanza na Dodoma, tukaambiwa kila mahali jibu moja: hayaletwi, hayana wateja. Ni mmoja wetu, mpiga kinanda, aliyeona picha ya mpiga gitaa Mmarekani Albert King na kutuonyesha. Mtu yule alikuwa wa shoto, alipiga akiwa amegeuza gitaa bila kubadilisha nyuzi, vilevile kama mwenzetu, na gitaa lake lilikuwa la umbo la V. Tulikaa tukaitazama picha ile muda mrefu. Umbo la V halina juu wala chini. Upande wa kushoto na wa kulia wa shingo umekatwa sawasawa, hivyo ukiligeuza freti zote zinafikika kama kabla ya kugeuza.

Hapa tuseme kidogo kuhusu asili ya umbo hili, maana wengi hudhani ni la vijana wa siku hizi. Lilitoka mwaka 1958 katika kiwanda cha Gibson, mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani. Mkuu wa kampuni wakati ule, Ted McCarty, alitaka kuonyesha kwamba kampuni yake kongwe haijazeeka, kwa kuwa washindani, hasa Fender, walikuwa wakiwavuta vijana. Watu hawakulipenda. Katika miaka ile ya kwanza yaliuzwa machache mno, hayakufika hata 100, na kampuni ikaacha kuyatengeneza, ikaja kuyarudisha mwaka 1967 baada ya wapigaji wachache kuyapa heshima. Albert King alikuwa mmoja wao: mzaliwa wa Mississippi mwaka 1923, aliyewahi kuendesha tingatinga kabla ya muziki kumlisha, na gitaa lake alilipa jina la Lucy. Kwa kuwa nyuzi nyembamba zilikuwa juu, alizivuta kuelekea chini kwa nguvu zote za mkono, ndiyo maana noti zake zinalia kwa namna ambayo wapigaji wa mkono wa kulia wamejaribu kuiga kwa miaka mingi. Leo moja ya magitaa yale ya 1958 huuzwa kwa zaidi ya dola 100,000.

Na kuna jambo lililotufurahisha kuliko hayo yote. Magitaa yale ya kwanza hayakutengenezwa kwa mti wa Marekani. Yalitengenezwa kwa limba, mti wa misitu ya Afrika Magharibi na Kati, unaoota mpaka Kongo, ambao wafanyabiashara waliupa jina la korina. La kwetu si la limba, tusidanganyane. Ni nakala iliyotoka Asia, na ukiikwangua rangi hujui utakuta mti gani. Lakini wakati fulani yaliposemwa maneno kwamba gitaa hili ni kitu cha kigeni kabisa, habari ya limba ilitusaidia.

Fedha. Hapa ndipo baadhi yenu mlipotaka kujua zaidi, na ni haki yenu kwa kuwa mnachangia seminari. Hakuna senti ya zaka wala ya mavuno iliyoingia katika gitaa hili. Wakati wa likizo kikundi chetu hualikwa kwenye jubilei za watawa na sherehe za upadrisho, na wenyeji hutupa bahasha. Kwa miaka miwili tulizitunza bahasha hizo kwa mweka hazina wa seminari, bila kugusa, zikafika shilingi 760,000. Tulipoomba ruhusa ya kuzitumia, walezi hawakuwa na kauli moja. Mmoja alisema kwa upole kwamba paa la banda la nguruwe linavuja na nguruwe hula kila siku, gitaa hupigwa Jumamosi. Hoja ilikuwa nzito. Tulijibu kwamba fedha zimetoka kwenye muziki na kwamba spika zetu, waya na kinanda vimenunuliwa kwa njia hiyohiyo. Mwingine aliuliza kama ni sahihi kununua chombo kwa ajili ya mtu mmoja ndani ya nyumba ambamo hata majembe ni ya wote.

Swali hilo la pili lilitukalia kichwani. Ndipo mwenzetu wa shoto alipochukua gitaa la zamani mbele ya walezi, akalipiga akiwa ameligeuza, kisha akamkabidhi mpiga ridhimu ambaye ni wa mkono wa kulia, naye akaendelea na wimbo uleule bila kubadilisha uzi hata mmoja. Kwa kuwa hakuwahi kupanga nyuzi upya, gitaa lolote analopiga linabaki kuwa la kila mtu. Kama angekuwa ameondoa nyuzi na kuzipanga kinyume, alivyofanya Jimi Hendrix kwa magitaa ya mkono wa kulia, tusingekuwa na la kusema. Padre Gombera alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: atakapoondoka huyu, nani atalipiga? Mpiga ridhimu akainua mkono. Gombera akasema basi liandikwe katika daftari la mali ya seminari siku lilipofika, namba kabisa, kama kiti au kabati.

Tulikwenda Dar es Salaam wawili, mpiga solo na mpiga bezi, tukakuta gitaa Kariakoo, ghorofani, katika duka dogo lenye ngoma za kizungu zilizopangwa mpaka dari. Lilining'inia nyuma kabisa. Mwenye duka alisema lina miaka miwili pale. Wateja hulipiga picha na kuondoka. Aliomba 900,000. Mpiga bezi, ambaye mama yake anauza mitumba na amekulia sokoni, alizungumza naye kwa saa nzima na vikombe viwili vya kahawa, akimwuliza kila mara kama anafikiri miaka miwili ijayo atampata mteja mwingine wa shoto. Lilishuka mpaka 640,000 pamoja na mkanda na seti mbili za nyuzi. Mfuko haukuwepo. Mfuko wa gitaa la kawaida haulichukui, mabawa yanakataa.

Kwa hiyo lilisafiri kwenye basi limefungwa blanketi na kitenge. Konda alitaka tulilipie kiti. Abiria aliyekaa nasi alilitazama kutoka Mbezi mpaka Chalinze kabla ya kuuliza kama ni antena ya dishi au plau. Tulipofika Morogoro tulikuwa tumeeleza habari zake kwa nusu ya basi, na mama mmoja wa viti vya nyuma alisema kama ni la kumtukuza Mungu hata likiwa na umbo la meza hana neno. Tungekumbuka maneno yake baadaye.

Kulimiliki ni kazi. Gitaa la kawaida ukilisimamisha ukutani linakaa. Hili linateleza, kwa maana halina kitako. Ukikaa kwenye kiti na kuliweka pajani kama ulivyozoea, linashuka taratibu mpaka sakafuni. Dawa yake ni kulipachika paja katikati ya mabawa, bawa moja ndani na jingine nje, shingo ikiwa imeinuka, mfano wa wapiga gitaa wa muziki wa kale wa Ulaya. Hata waliolibuni walilijua tatizo hilo, kwa kuwa yale ya 1958 yalibandikwa kipande cha mpira ukingoni lisiteleze. Sisi tulibandika kipande cha tairi la baiskeli. Chumba chetu cha muziki ni chembamba, na kila anayegeuka kwa haraka bawa linagonga kinanda au kinara cha nota. Siku hizi tumezoea kutangaza kabla ya kugeuka, kama dereva wa lori anayerudi nyuma.

Wiki ya kwanza tuligundua kwamba moja ya pikapu zake mbili ni kimya, ingawa dukani tuliambiwa zote ni nzima. Fundi redio wa mjini alifungua kifuniko, akakuta waya umeachia kwenye swichi ya kuchagulia, akauchoma kwa risasi na kutoza 5,000. Yeye ndiye aliyetoboa pia tundu la kishikizo cha pili cha mkanda kwenye bawa la upande wa pili, ili gitaa liweze kuvaliwa kwa bega lolote. Ukilitazama leo utaona vishikizo viwili, kimoja kila bawa. Swichi za sauti nazo zilihamia juu lilipogeuzwa, hilo halikwepeki, ila kiwiko cha mwenzetu kilijifunza kupita pembeni.

Sanduku alilitengeneza fundi seremala wa seminari, yuleyule anayetengeneza viti vya kanisa na majeneza ya kijiji kizima. Alitumia mbao za msonobari zilizobaki kwenye ukarabati wa bweni. Alipima kwa makini, akakata, akapiga randa, na kilichotoka kilikuwa chembamba upande mmoja na kipana upande mwingine, chenye mfuniko na bawaba mbili. Tulikibeba wanne kutoka karakana hadi chumba cha muziki saa kumi jioni, watu wa kijiji wakitoka mashambani. Wanaume wawili walivua kofia.

Hapo hatukujua kama tucheke. Wiki mbili baadaye hatukucheka tena. Tulikuwa tumepiga kwenye mkesha wa vijana wa parokia, na picha zikazunguka kwenye simu: frateri ameshika kitu chenye pembe mbili, nyuma yake taa nyekundu ya ukumbi. Maneno yakaanza. Mafrateri wameleta gitaa la frimasoni. Pembetatu ile ni alama. Lile sanduku ni jeneza. Mnajua jinsi neno frimasoni linavyokimbia katika nchi yetu. Likishamgusa mtu, hata nyumba yake mpya na ng'ombe wake wa maziwa vinatafutiwa maelezo. Na kwa upande wa seminari maneno haya si ya kucheka, kwa sababu seminari inaishi kwa imani ya watu. Mahindi tunayokula yanatoka katika jumuiya ndogondogo. Watoto wanaojiunga na malezi wanatoka katika nyumba zilezile zinazonong'ona. Jumuiya moja ilitangaza kwamba mwezi ule haitaleta mchango mpaka jambo liwe wazi. Mzee mmoja aliyeheshimiwa sana kigangoni, ambaye amesomesha wajukuu wawili kwetu, alimfuata Gombera na kumwomba kitu kile kichomwe moto.

Tulidhani litafungiwa stoo, na wengine kati yetu walikuwa tayari kwa hilo. Walisema amani ya parokia ni kubwa kuliko freti za juu. Mwenzetu wa shoto hakusema kitu. Aliacha kulipiga kwa siku nane.

Padre Gombera hakulichoma wala hakutoa tangazo kanisani. Alituagiza tulibebe mpaka kigangoni Dominika iliyofuata, tushiriki Misa kama waamini wengine, na baada ya Misa tukae chini ya mwembe, yeyote anayetaka aje kuligusa. Walikuja wengi. Tulilala sakafuni mwa maswali kwa karibu saa mbili. Mpiga bezi alifungua kifuniko cha nyuma kwa bisibisi, akawaonyesha waya tatu, swichi, na tundu la jeki. Akaweka sarafu juu ya pikapu ikanata, akaeleza kwamba ndani mna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku umeme mdogo unazaliwa, unapita kwenye kebo, amplifaya inaukuza. Mwili wa gitaa la umeme haufanyi kazi kubwa ya kukuza sauti kama sanduku la gitaa la kawaida, ndiyo maana waweza kuuchonga umbo lolote. Mvulana mmoja aliuliza kama tungeweza kulichonga kama samaki. Tukasema ndiyo. Watu wakacheka, na kicheko kile kilifanya kazi kuliko maelezo yote.

Kisha mwenzetu akaambiwa apige. Hapakuwa na umeme pale, hivyo sauti ilikuwa ndogo, ya nyuzi tupu, watu wakasogea karibu. Alipiga wimbo wa Bikira Maria ambao kila mtu anaujua, kwa mkono wake wa kushoto, na akina mama wa WAWATA wakauimba. Alipomaliza mama mmoja alibaki. Hakuwa na swali kuhusu frimasoni. Aliuliza kama ni kweli kwamba frateri anapiga kwa mkono ule, na kama walezi wanajua. Akajibiwa wanajua. Akasema ana mtoto wa darasa la nne ambaye baba yake humchapa kwa ajili ya mkono huohuo, na kwamba yeye mwenyewe amekuwa akiombea aondolewe shoto, akitaja katika nia za Misa. Kisha akamwita mtoto, aliyekuwa amejificha nyuma ya shina la mwembe, akamwambia amwamkie frateri. Mtoto akanyoosha mkono wa kulia kwa haraka, kama aliyefundishwa. Mwenzetu akaupokea, wakasalimiana vizuri, halafu akamwekea gitaa mapajani, bawa moja ndani na moja nje, lakini upande wa shoto, akamshikisha piki.

Hatutasema kilichozungumzwa. Mengine tuliyasikia, mengine hatukuyasikia.

Si kila mtu aliridhika. Mzee yule alilitazama gitaa kwa mbali, akaaga kwa heshima na kuondoka, na mpaka leo tukipita na sanduku anageukia upande mwingine. Tunamheshimu. Jumuiya iliyosimamisha mchango ilileta mahindi mwezi uliofuata bila kueleza.

Kuhusu liturujia tuseme kwa kifupi, maana mmeuliza. Gitaa hili hatulipigi katika Misa ya seminari. Misa ina kinanda, ngoma na kayamba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulikipa kinanda cha mabomba heshima ya kwanza na kuruhusu vyombo vingine kwa kibali cha mamlaka ya Kanisa mahali husika, mradi vifae au viweze kufanywa vifae kwa matumizi matakatifu na kuwajenga waamini. Mlezi wetu wa liturujia huona kwamba gitaa la solo, kwa masikio ya watu wetu, bado linanukia ukumbi wa dansi, na tunakubali kwamba masikio ya watu yana haki zake. Ila tunamkumbusha kwa utani kwamba Papa Pius X, mwaka 1903, siku ya Mtakatifu Sesilia, alikataza kanisani piano na vyombo vya kelele, ngoma zikitajwa wazi. Leo nani kati yetu anaweza kuimba Utukufu wa Pasaka bila ngoma? Kwa maoni yetu, suala la gitaa kanisani ni sauti yake na moyo wa anayelipiga. Umbo lake halina kesi. Mlezi hucheka na kusema tusubiri miaka 60.

Juni iliyopita mwenzetu wa shoto aliondoka. Baada ya sala na mazungumzo na baba wa kiroho aliona kwamba njia yake ni nyingine, akaaga vizuri, tukamsindikiza mpaka stendi. Usiku wa kuamkia siku ile tulikaa chumba cha muziki tukabishana kwa mara ya kwanza kwa sauti za juu. Watatu kati yetu tulitaka alichukue gitaa. Lilinunuliwa kwa ajili ya mkono wake, tulisema, na huko aendako hatapata jingine. Wawili tulisema ni namba katika daftari, na neno tulilompa Gombera ni neno. Yeye alitusikiliza akiwa anabadilisha nyuzi. Alipomaliza kukaza uzi wa sita alilirudisha sandukuni, akafunga bawaba, akamkabidhi mpiga ridhimu ufunguo. Alisema akilichukua, yule mtoto wa kigangoni atajifunzia nini. Sasa anafanya kazi Mbeya na anatuma salamu. Anaazima gitaa la kawaida la kwaya moja, juu chini, na hupiga nusu ya shingo.

Mpiga ridhimu ndiye mpiga solo wetu siku hizi, kwa mkono wa kulia, kama alivyoahidi. Anayekuja Jumamosi baada ya usafi ni mtoto yule, kwa ruhusa ya Gombera, akisindikizwa na mama yake, na mara moja alisindikizwa na baba, aliyesimama mlangoni muda wote bila kuingia. Mtoto anajua akodi tano. Mwezi huu tumegawanyika tena: mpiga kinanda anasema tumpangie nyuzi kinyume angali mdogo, ajifunze akodi kama zilivyo vitabuni, kwa sababu kinyumenyume atapata tabu kusoma na kufundishwa. Wengine tunasema tukifanya hivyo hakuna mwingine atakayeweza kulipiga siku za sherehe, wala yeye hataweza kupiga gitaa la mtu mwingine popote aendapo. Tumemwandikia mwenzetu aliyeko Mbeya kumwuliza. Bado hajajibu, na Jumamosi hii mtoto atakuta nyuzi zilivyokuwa.